Pikapu ya Kijani kwenye Barabara ya 93

Barabara ya 93 si ndefu. Ukiondoka Elvestad, chini ya maghala ya nafaka, na ukawasha sigara papo hapo, kabla hujamaliza ya pili utakuwa umefika Harlow, kwenye barabara kuu ya taifa, na 93 itakuwa imekuishia. Maili kumi na moja tu. Lakini watu wa Kaunti ya Ransted huipenda kuliko inavyostahili. Babu zao waliichonga kwa farasi, baba zao waliimwagia kokoto, na mwaka 1968 jimbo la Dakota Kaskazini likaleta matingatinga. Zamani barabara ilikata kona ikazunguka Bwawa la Lokken na kupita juu ya daraja la mbao. Jimbo likajaza udongo katikati ya bwawa, likapiga tuta, likamwaga lami, na barabara ikanyooka. Wazee husema tangu hapo hakuna tena aliyepotea njia, isipokuwa Lyle Kvamme.

Lyle alikuwa kibarua katika ujenzi huohuo. Jioni moja ya mwezi wa sita hakurudi nyumbani kwa mkewe, Ardis. Pikapu yake ilikutwa kituo cha basi cha Harlow, na shahidi mmoja akaapa kwamba alimwona akiiendesha kuelekea huko. Kaunti ikafunga kesi kwa mdomo: amepanda basi, amemfuata mwanamke mwingine. Ardis alikuwa bado bibi harusi, sahani za zawadi hata hazijatumika zote.

Sasa ilikuwa Oktoba 1998. Mvua za miaka mitano zilikuwa zimelijaza bwawa mpaka maji yakaanza kulamba lami. Jimbo likaleta mashine kuinua tuta, na mashine zikachimbua mifupa ya mtu. Daktari wa meno akasema ni Lyle.

Ardis alipoambiwa hakulia. Alisimama kwenye ngazi ya mlango wake, pale 93 inapoanzia, akamwuliza mpelelezi wa jimbo swali moja.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Bado hatujui, mama," Noreen Tveit alimjibu.

"Basi kaeni na hiyo mifupa. Mimi simziki mtu aliyenikimbia. Orville Schatz alimwona akiondoka, na Orville hasemi uongo. Mkijua alikuwa anakwenda wapi, ndipo mje."

Ndiyo maana Noreen alikuwa ameketi jikoni kwa Orville Schatz asubuhi hiyo, na kikombe cha kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe.

"Sema tena, mzee," akasema. "Ulimwona wapi?"

"Nilimwambia sherifu wa kwanza, akafa," Orville akajibu. Alikuwa anakaribia miaka themanini na masikio yake yalikuwa mazima. "Nikamwambia wa pili, akashindwa uchaguzi. Wewe ni wa tatu, binti. Jiangalie."

"Mimi si sherifu."

"Basi una nafuu. Kula keki."

Naibu sherifu Wade Iverson hakungoja kukaribishwa. Alikuwa kwenye kipande cha pili cha keki ya matunda. Alizaliwa maili mbili kutoka jikoni hapo na alikuwa ametumwa kumsindikiza Noreen ili, kama alivyosema sherifu, mtu wa mjini asije akazama matopeni. Sherifu mwenyewe alikuwa ameshaamua. Kama Lyle alikufa jioni ileile na akafukiwa kwenye tuta, basi aliyesema alimwona hai anaendesha ni mwongo, na mwongo ana sababu. Barabara mpya ilipita katikati ya ngano ya Orville, na kila mtu alikumbuka jinsi alivyoegesha trekta juu ya vigingi vya wapimaji akakataa kushuka. Karatasi ya kumkamata ilikuwa inasubiri saini tu.

"Niko shambani," Orville akasema, "upande huu wa mashariki, napalilia. Jua linashuka ng'ambo. Pikapu ya Lyle ikatokea kusini, huko bwawani, ikapita kwenda Harlow. Akanipungia, nikampungia. Basi."

"Wajenzi wengine walikuwa wapi?"

"Wale wageni walishapanda lori lao kwenda kulala Harlow. Kazi imekwisha."

"Mwendo wake?"

"Wa mtu anayekwenda dukani."

"Alikuwa amevaa nini?"

Orville alimtazama Wade kuomba msaada. Wade akaitazama keki.

"Nguo," Orville akasema.

"Mzee, uliuona uso wake?"

"Binti, ilikuwa pikapu ya kijani yenye mlango mmoja mwekundu. Mlango ule Lyle aliung'oa kwenye mkweche wa mjomba wake. Kaunti nzima hapakuwa na gari jingine baya namna ile."

"Sikuuliza mlango."

"Na mimi nimekujibu nilichokiona."

"Ulikuwa na ugomvi na wajenzi."

"Nilikuwa na ugomvi na jimbo. Lyle alikuja hapa kuniomba radhi kwa vile vigingi, na wala si yeye aliyevipigilia. Alikaa kwenye hicho kiti ulichokalia, akasifu kahawa ya marehemu mke wangu. Hakuna mwingine aliyewahi kuisifu."

Nje lori lilipita barabarani kwa kishindo. Orville, bila kukatisha maneno, aliinua kidole cha shahada kutoka kwenye mpini wa kikombe. Wade naye akainua chake, na makombo juu yake.

"Nani huyo?" Noreen akauliza.

"Marlin," wakasema wote wawili.

"Anapeleka alizeti ghalani," Orville akaongeza.

Noreen akageuka dirishani. Lori lilikuwa limeshapita; kilichobaki ni vumbi la pembeni. Kioo chake cha mbele, alipokiona kwa nukta moja, kilikuwa kinang'aa jua tupu.

"Mmemwona Marlin?"

"Si amepita?" Orville akasema.

Noreen akaweka kikombe chini. "Mzee, tafadhali kasimame pale ulipokuwa jioni ile. Mimi na Wade tunakwenda bwawani kupima umbali, kisha tutapita mbele yako. Naomba utuangalie vizuri."

"Nitawaangalia. Sina kazi nyingine leo ila kukamatwa."

Gari la kaunti lilikuwa bovu, kwa hiyo walikuja na pikapu ya Wade, nyeupe, yenye kibonyeo kwenye boneti alipomgonga paa wa porini msimu uliopita. Walipolizunguka zizi, Noreen akamwambia Wade asimamishe gari.

"Shuka. Kaa nyuma ya zizi mpaka nikuite. Nipe na kofia."

"Kofia yangu ina jasho la mavuno yote, bosi."

"Lete hivyo hivyo."

Akaenda peke yake kusini. Akavuka tuta, ambako vijiti vyekundu vya wachimbaji bado vilionyesha mahali mifupa ilipotoka. Akageuza mbele ya karakana ya barabara, kibanda kirefu cha mabati ambamo jimbo liliweka gari la kusukumia theluji na chumvi ya majira ya baridi. Akarudi kaskazini kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Orville alikuwa amesimama kwenye mabua ya ngano, mikono mfukoni. Noreen akainua kidole kimoja juu ya usukani. Mkono wa Orville ukatoka mfukoni, ukajibu.

Alipoegesha na kumrudia kwa miguu, mzee alikuwa tayari ana maneno.

"Haya, mmepima?"

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Wade."

"Una hakika?"

"Si amenipungia?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Pembeni yake. Nadhani. Sikukuangalia wewe."

"Orville," Wade akasema nyuma yake, akitoka zizini na majani kwenye suruali, "mimi niko hapa."

Orville alimtazama Wade, kisha akaitazama pikapu, kisha kofia iliyokuwa kichwani kwa Noreen. Hakucheka. Alitafuta pa kukaa akapata gurudumu la trekta.

"Nilimwambia Ardis," akasema. "Si sherifu tu aliyeniuliza. Yeye mwenyewe alikuja hapa shambani kwa miguu. Nikamwambia, 'Alikuwa anaendesha taratibu, mama, na alinipungia vizuri, hakuonekana mtu mwenye hasira.' Nilidhani namfariji."

Noreen akavua kofia. Wade akamwekea mzee mkono begani, wakakaa hivyo, na upepo ukipita kwenye mabua. Huzuni ya Orville ilikuwa kubwa na ya kweli; alikuwa amemnyang'anya jirani mumewe mara ya pili, kwa adabu na kwa nia njema.

Walirudi garini. Wade alishika usukani na safari hii hakuwa na mzaha.

"Kwa hiyo yeyote angeweza kuwa ndani," akasema. "Sherifu atasema ni wale wageni wa ujenzi. Wametawanyika nchi nzima, nusu yao wamekufa."

"Mgeni angepunga?"

Wade akafikiri. "Mgeni hapungi. Ukimpungia anadhani gurudumu lake limechomoka."

"Sasa fikiri. Mtu ametoka kumfukia mwenzake. Yuko ndani ya gari la marehemu, anaomba Mungu asionekane. Anapita mbele ya mtu shambani. Kwa nini ainue kidole?"

"Asipoinua ndiyo atakumbukwa. Orville angesema mpaka leo, 'Lyle alipita akaninyima salamu.'"

"Kwa hiyo alijua hilo, au mkono wake ulijua. Wangapi wa hapa walifanya kazi kwenye tuta lile?"

"Wawili tu. Jimbo lilileta watu wake. Wa hapa alikuwa Lyle na—"

Wade alinyamaza. Walikuwa wameingia kwenye tuta. Gari likaruka kidogo, na yeye, kwa mazoea, akajishika.

"Nini?" Noreen akauliza.

"Hapa tunapaita kitanda cha Duane."

"Duane yupi?"

"Duane Sletten. Ndiye wa pili. Baada ya ujenzi jimbo likamwajiri aitunze barabara, yuko nayo mpaka leo. Kila baridi anasukuma theluji kutoka Elvestad mpaka Harlow, anakwangua mpaka unaona lami nyeusi. Lakini akifika hapa ananyanyua sepeto la mbele ya gari. Anaacha kipande hiki na theluji yake, kisha anashusha tena. Watu wanamtania, wanamwambia ameacha kitanda cha kulalia."

"Yeye anasemaje?"

"Lami imebonyea, sepeto litakwama."

"Imebonyea tangu lini?"

"Tangu maji yapande. Miaka mitano hivi."

"Na kitanda?"

Wade akapunguza mwendo. Vijiti vyekundu vilikuwa hapo hapo, kando ya dirisha lake.

"Nikiwa shule ya msingi," akasema polepole, "basi letu lilikuwa linaruka hapa kila baridi. Tulikuwa tunangojea, tunapiga kelele. Duane ndiye aliyenifundisha kuendesha, bosi."

"Unataka kubaki garini?"

"Hapana."

Duane Sletten alikuwa karakanani, amepiga magoti mbele ya sepeto kubwa la chuma, analipaka grisi kabla ya majira ya baridi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mnyamavu, aina ya watu wanaoombwa wabebe jeneza kwa sababu hawatajikwaa. Hakusimama.

"Wade."

"Duane. Huyu ni Mpelelezi Tveit."

"Najua. Nimemwona akigeuza hapo nje muda si mrefu, na gari lako na kofia yako. Nikajiuliza wewe uko wapi."

Noreen akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, ili macho yao yawe sawa.

"Orville Schatz alinitazama kwa karibu zaidi kuliko wewe," akasema, "na alikuwa ameambiwa atazame. Akasema ni Wade."

"Orville haangalii nani yumo."

"Hapa hakuna anayeangalia. Wade anapungia lori huku anakula keki. Kwa nini wewe unaangalia?"

Duane aliendelea kupaka grisi mahali palepale palipokwisha kupakwa.

"Mazoea," akasema.

"Ya tangu lini?"

Duane akachota grisi nyingine.

"Kwa nini unanyanyua sepeto kwenye tuta?"

"Lami imebonyea."

"Imebonyea miaka mitano. Wade alirushwa na theluji yako akiwa mtoto."

Duane akamtazama Wade kwa mara ya kwanza. Wade hakukwepesha macho, ingawa yalikuwa yamejaa.

"Kweli, Duane," akasema. "Tulikuwa tunarushwa."

Duane akaliweka chini tambara. Aliangalia viganja vyake, akavipangusa kwenye suruali, akavipangusa tena.

"Wewe ungepitisha chuma juu yake?" akamwuliza Noreen.

"Hapana."

"Na mimi sikuweza. Nilijaribu baridi ya kwanza. Nilifika pale mkono ukanyanyua wenyewe."

Noreen akamwambia haki zake, zote, taratibu, kama sheria inavyotaka. Duane akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa na kwamba wakili hamtaki. Kisha akasema, na hakuremba kitu.

"Wageni walishaondoka. Msimamizi aliniambia nisawazishe safu moja kabla ya giza, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilikuwa nimekunywa bia mchana. Si nyingi, lakini nimekunywa. Lyle alikuwa amemaliza, anajipakilia mbao. Nikarudisha tingatinga nyuma bila kugeuka. Nilisikia kitu kidogo tu, kama gogo."

"Alikufa hapo hapo?"

"Hapo hapo. Nilimwita, nikamwinua kichwa. Alikuwa amekwisha."

"Kisha?"

"Kisha nikafanya upumbavu wa pili. Nikaisawazisha safu."

Wade akageuka akaenda kusimama mlangoni.

"Gari nikalipeleka Harlow," Duane akaendelea, "nikaliacha kwenye kituo cha basi. Nikarudi kwa miguu juu ya reli. Barabarani kila mmoja angesimama kunipa lifti."

"Njiani ulimpungia Orville."

"Orville alikuwepo?"

"Shambani. Ulimwinulia kidole."

Duane akakitazama kidole chake cha shahada. Mshangao wake ulikuwa wa kweli. Noreen alikuwa ameona waongo wengi na huyu hakuwa mmoja wao, si tena.

"Sikumbuki," akasema. "Basi itakuwa niliinua."

"Kwa nini hukumwambia Ardis?"

"Mwaka wa kwanza niliogopa jela. Baada ya hapo nikamwogopa yeye. Alikuwa anakuja hapa. Kila theluji ikiyeyuka, anaegesha hapo nje. 'Duane, ulifanya naye kazi. Hakukuambia kitu? Hakutaja mji wowote?' Namjibu hakutaja. Anashukuru. Anashukuru, halafu anaondoka. Alikuwa ananiletea biskuti wakati wa Krismasi."

"Ulizila?"

"Sikula hata moja."

Noreen alikuwa amebakiza swali moja, lile alilopewa kwenye ngazi ya mlango. "Hizo mbao ulizozitaja. Zilikuwa za nini?"

"Za daraja la kona ya zamani. Tulikuwa tumelibomoa wiki ile, na msimamizi akasema mwenye kuzitaka achukue. Mbao nzuri, mwaloni mtupu. Lyle alitaka kumjengea Ardis kibaraza. Wiki nzima alikuwa akituchosha masikio na hicho kibaraza. Ameshapakia chache, alirudi kuchukua nyingine. Ndipo alipopita nyuma yangu."

"Baada ya hapo alikuwa anakwenda wapi?"

Duane alimkazia macho kana kwamba swali lilikuwa la kijinga, na ndani ya kaunti nzima ni yeye pekee aliyekuwa na haki ya kuliona hivyo.

"Nyumbani," akasema. "Alikuwa anakwenda wapi kwingine?"

Wade ndiye aliyemfungulia mlango wa pikapu. Hakumfunga pingu na Noreen hakumwagiza. Mwendesha mashtaka angesema nini juu ya jambo la miaka thelathini, Noreen hakujua, na siku hiyo hakutaka kujua. Alimwambia Wade ampeleke mtu huyo kwa sherifu, na ile karatasi ya Orville ichanwe. Yeye akachukua gari lake mwenyewe, lililokuwa limebaki Elvestad mbele ya posta iliyofungwa, baada ya Wade kumshusha hapo.

Nyumba ya Ardis Kvamme ilikuwa mwanzo wa barabara, upande wa kushoto ukielekea kaskazini. Dirisha la jikoni liliitazama 93. Ardis alikuwa amesimama mlangoni kabla Noreen hajazima gari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mvi zimefungwa nyuma, sweta lenye viraka kwenye viwiko. Hakumkaribisha ndani.

"Umejua?"

"Nimejua, mama."

"Sema hapa hapa."

Noreen alimwambia yote, kuanzia mwanzo, bila kupunguza na bila kupamba. Alimwambia kuhusu Orville, kwamba aliona gari akadhani ameona mtu. Alimwambia kuhusu Duane. Jina hilo lilipotajwa, Ardis alishika mwimo wa mlango, lakini hakukatisha. Noreen akafika kwenye mbao.

"Alikuwa anakuja nyumbani," akasema. "Hakuwahi kuondoka. Alikuwa anapakia mbao za daraja la zamani. Alitaka kukujengea kibaraza."

Ardis akatazama chini, kwenye ile ngazi moja ya saruji aliyokuwa amesimama juu yake. Nyumba haikuwa na kitu kingine mbele.

"Zilikuwepo," akasema. "Nyuma ya pikapu, siku waliponirudishia. Mbao kadhaa. Sherifu akaniuliza ni za nini nikamwambia labda za kazini. Niliziuza pamoja na gari. Nilimwomba kibaraza mara moja tu. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia nimechoka kukaa kama kuku kwenye ngazi. Sikujua alinisikia."

Alilia basi, na alilia vibaya, kwa sauti, bila kujifunika uso, kama mtu aliyepewa ruhusa. Alilia kwa ajili ya kijana ambaye Ardis alikuwa akimtukana kila alfajiri alipoamka na kumtamani kila jioni gari lilipotokea upande wa kaskazini. Noreen alimshika mkono na kukaa naye pale kwenye ngazi. Malori ya alizeti yalipita. Hakuna aliyeyapungia.

Baadaye Ardis akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akaingia jikoni, akaacha mlango wazi ili Noreen amfuate. Simu ilikuwa ukutani. Alipiga namba bila kuitafuta popote.

"Shirley? Ardis hapa." Alivuta pumzi. "Nina msiba, Shirley. Mume wangu amefariki."

Upande wa pili ilisikika sauti ya kiti kikivutwa. Elvestad nzima ilijua habari za mifupa tangu wiki iliyopita na hakuna aliyethubutu kumpa pole, kwa kuwa hawakujua anapewa pole ya kufiwa au ya kuachwa. Shirley alisimamia jiko la kanisa. Kwa miaka yote hiyo, kila mtu alipozikwa, Ardis alikuwa kwenye orofa ya chini ya kanisa pamoja naye, akikata mikate ya nyama na kumimina kahawa kwa waombolezaji wa watu wengine. Meza yake mwenyewe haikuwahi kuandaliwa, kwa sababu hakuwa mjane. Alikuwa mwanamke aliyeachwa, na kwa huyo hakuna anayekata mkate.

Shirley hakuuliza maswali. Sauti yake ilisikika mpaka aliposimama Noreen, nyembamba na imara.

"Pole sana, mpenzi. Tuandae kwa watu wangapi?"

Ardis aliegemea ukuta, macho yake dirishani.

"Wale wote waliosema amekimbia na mwanamke," akasema. "Wahesabu hao, Shirley. Andaa mikate ya kuwatosha."